Jina Juu ya Mtutu

Jumatatu, 4 Machi 2019

Theluji tena. Nimemwaga chumvi kizingitini mara mbili na bado panateleza.

Saa nne asubuhi kaja Mzee Lamar Seidel na bunduki ndefu, kaiviringisha ndani ya shuka la maua. La marehemu Fern, mkewe. Eti ndicho kitu pekee safi kilichobaki nyumbani kwake. Ana miaka themanini na mbili na hakushika ukuta alipopanda ngazi zangu! Zamani alikuwa na ng'ombe sitini wa maziwa. Siku hizi amebaki na paka mmoja na maneno mengi.

"Binti Clayton," akasema — bado ananiita kwa jina la baba, na mimi nina miaka sitini na mmoja — "leo nimekuletea mzee kuliko mimi. Mheshimu."

Anasema ni kazi ya babu wa babu yake, Jost Seidel, fundi bunduki. Ukoo wao umeisimulia hivyo vizazi vyote na watu wakiwacheka, kwa sababu haikuwa na jina. Kisha mwaka 2016 Fern akaipeleka mahali kusafishwa, iwe zawadi ya kumbukumbu ya ndoa yao. Iliporudi, jina hilo hapo, juu ya mtutu: J. SEIDEL. Kutu ilikuwa imelifunika! Mzee alilia, kasema mwenyewe. Miezi minne baadaye Fern akafariki.

Sasa jumba la makumbusho la wilaya linataka kuiweka kwenye maonyesho ya mafundi wa huku kwetu. Yanafunguliwa Aprili sita. Bi Trexler wa makumbusho anataka karatasi yangu: nani aliitengeneza, lini, na nini kimebadilishwa. Pia niitengeneze palipovunjika.

"Na uing'arishe kama sufuria ya arusi," Mzee akasema.

Nikamwambia sing'arishi. Rangi ya uzee ikishatoka hairudi, hata ulie.

"Basi hata mimi usining'arishe," akasema, akaenda zake akicheka.

Baada ya hapo nimeitazama ile S ya Seidel kwa muda mrefu. Sitaki kuandika ninachofikiri.

Jumanne, 5 Machi

Siku ya maandazi, kumaliza mafuta kabla ya Kwaresima. Kesho Jumatano ya Majivu. Jirani kaleta sita ya viazi, nimekula manne. Baba angesema la nne ni la shetani.

Kazi. Nimeipima na kuiandika yote. Mtutu wa pembe nane, mrefu kunifika kidevuni. Ilianza maisha ikiwa ya gumegume. Baadaye mtu akang'oa jiwe lake la cheche na kuifanya ya fataki, kama walivyofanya karibu wote huku. Mbao ni ya michirizi, nzuri mno, nyekundu kama chai ya rangi. Kisanduku cha shaba kitakoni kina nakshi ya ua. Karibu na mtambo kipande cha mbao kimebanduka, kidogo kama ukucha. Hicho nitakijaza.

Lakini kitako! Ni chembamba, kimepinda ndani kama mwezi mchanga. Mafundi wa kwanza walitengeneza kitako kinene, kipana, cha kukaa begani kama mkono wa rafiki. Hiki chembamba kilikuja baadaye. Elfu moja mia nane na ishirini hivi, kumi mbele au kumi nyuma. Skrubu zake pia zinasema hivyo hivyo.

Nimempigia karani wa kanisa. Jost Seidel alizikwa 1794.

Maiti hachongi kitako.

Jioni, kabla mwanga haujaondoka dirishani, nikaweka lenzi juu ya jina. Mtutu una vishimo vya kutu, vya zamani sana. Herufi E inapita juu ya kishimo — na inashuka ndani yake! Patasi imeingia shimoni ikatokea upande wa pili. Kwa hiyo kutu ilikuwapo kwanza, jina likaja baadaye. Kutu haikufunika kitu chochote. Mtu alilichonga jina hili juzi juzi, akalipaka dawa lionekane zee. Kwa ustadi sana. Mwingine asingeona.

Mimi nimeona.

Jumatano, 6 Machi

Nimeenda kupakwa majivu, nimerudi, nimeketi tena na lenzi. Sikula.

Kila mchongaji ana njia anayoingia ndani ya chuma. Patasi inaanza taratibu, inazama, inatoka kwa mkia. Wote wanaingia kutoka upande mmoja kwa sababu karibu wote wanatumia mkono wa kulia. Mikia ya jina hili imegeuka. Aliyelichonga anatumia mkono wa kushoto. Na ile S tumbo lake la juu ni kubwa kuliko la chini, kama mtu anayeinama kunong'ona.

Nimeona S hiyo kwenye kijiko cha mama. Kwenye kola ya mbwa wetu. Kwenye kibao cha karakana hii mpaka nilipokishusha.

Mahlon.

Miaka kumi na minne sijaandika jina hilo. Nimeliandika. Haya.

Kaka yangu wa pekee. Baba alitufundisha wote wawili — mimi mbao, yeye nakshi — na mikono yake ilikuwa na kitu ambacho mimi sikupewa. Mwaka 2005 dalali mmoja alimpa bunduki isiyo na jina, akamwomba aweke jina la fundi mkubwa wa zamani. Akaliweka. Alikuwa na shida, na alikuwa na kiburi: alitaka kuona kama kuna jicho litakalomgundua. Ikauzwa. Mnunuzi akaileta kwa nani? Kwangu! Nikatazama, nikajua. Nikamwandikia mnunuzi ukweli wote, siku ile ile, nikatia muhuri, nikapeleka posta.

Nilimwandikia mgeni kabla sijamwambia ndugu yangu. Karakana ni moja. Meza yake iko hatua tatu kutoka yangu.

Alisikia habari kwenye mnada, mbele za watu. Akarudi, akakusanya patasi zake, akasema, "Ungeniita tu, Orpha. Hatua tatu." Akaondoka. Barua zangu tatu zilirudi. Ya nne sikuandika.

Na sasa S yake imebanwa kwenye jiliwa langu, mezani.

Alhamisi, 7 Machi

Nimetoa mtutu leo. Ilinibidi, kwa ajili ya kile kipande cha mbao. Pini nne ndogo, unazigonga taratibu kwa nyundo ya shaba, ukiharakisha unapasua mbao ya miaka mia mbili. Ya tatu iligoma. Nikasubiri. Ikatoka.

Baba alikuwa na sheria moja: ukiifanyia bunduki jambo lolote, uandike kwa penseli ndani ya mfereji wa mbao, chini ya mtutu. Tarehe na jina. "Juu ni kwa mwenye mali," alikuwa akisema, "chini ni kwa fundi atakayekuja."

Nikainua mtutu. Penseli. Mwandiko wa mkono wa kushoto, unalala nyuma.

Nanakili hapa, neno kwa neno:

*Oktoba 2016. Jina juu ya mtutu nimechonga mimi, kwa ombi la mama mgonjwa. Fundi wa kwanza hajulikani. Sikuchukua malipo. M. Rothermel. Orpha, kama ni wewe — safari hii nimeandika.*

Nimeketi sakafuni. Sijui kwa muda gani. Mguu ulikufa ganzi.

Yuko hai! Mwaka 2016 alikuwa hai. Alijua bunduki hii siku moja itafunguliwa, na alijua ni nani huku mwenye kawaida ya kutoa mtutu. Barua yangu ilikuwa nyumbani kwa Mzee Lamar, maili sita tu kutoka hapa, imelala chini ya chuma miaka miwili na nusu, na mimi nikipita na gari kila Jumapili kwenda kanisani.

Jumamosi, 9 Machi

Sijafanya kazi. Nimeondoa makopo juu ya meza yake. Nilikuwa nayapanga pale ili pasionekane patupu. Nimeipangusa. Nikayarudisha. Nikayaondoa tena.

Jumapili, 10 Machi

Chakula cha kanisani baada ya ibada. Nyama ya nguruwe na kabichi chachu, na pai ya molasi. Mzee Lamar amekaa meza ya katikati, sauti yake inafika jikoni. Anawaambia watu kuhusu Jost. Kaka zake wanakuja kutoka jimbo la Ohio kwa ufunguzi. Amenunua tai!

"Mara ya mwisho kununua tai nilikuwa naoa," akasema. "Na huyu hapa ndiye daktari wa bunduki yangu. Eti binti Clayton, mgonjwa anaendeleaje?"

Nikasema anaendelea.

"Mnaona? Daktari halisi. Haelezi kitu."

Wakacheka wote. Mimi pia nikacheka. Pai nikaisukuma pembeni.

Nikiandika ukweli, namvunja mzee mbele ya kaka zake, na jina la Mahlon linaburutwa tena matopeni. Nikinyamaza, uongo unaingia ndani ya kioo cha makumbusho na saini yangu chini yake. Na Mahlon mwenyewe aliandika. Aliandika! Nikificha, nimemfuta.

Bi Trexler kaniuliza karatasi itakuwa tayari lini. Nimesema wiki ijayo.

Ninalojua ni moja tu. Siandiki chochote kabla sijamwambia mtu usoni.

Jumatano, 13 Machi

Nimekwenda.

Nilifika na bunduki ndani ya lile shuka la Fern, mtutu mbali, mbao mbali. Mzee alikuwa akikaanga skrapo ya nguruwe na mayai saa tano mchana. Kanilazimisha kula. Nikala, nikaweka uma, nikamwambia. Kitako, kaburi la 1794, kishimo cha kutu. Sikuzunguka.

Akazima jiko. Kisha:

"Unaniambia mimi ni mwongo."

"Hapana, Mzee. Nakwambia jina ni jipya."

"Ni jipya! Aliyeliweka nani? Jini?" Alikuwa amesimama sasa, ameshika kiti. "Ninyi akina Rothermel! Ulimfanyia hivi hivi ndugu yako, damu yako. Bonde zima linajua. Ukamtoa kwenye mji alikozaliwa kwa karatasi moja. Sasa umekuja kwangu."

Ni kweli.

Nikafungua shuka. Nikamwekea ule mfereji wa mbao karibu na dirisha, nikampa lenzi yangu. Akakataa lenzi. Akaenda kuchukua miwani ya Fern, ile ya kusomea yenye kamba, akaivaa yeye. Akasoma. Midomo ikitembea. Akarudia.

"Mama mgonjwa," akasema.

"Ndiyo."

"Fern."

Akaketi. Paka akaruka mapajani, hakumwona. Yale mayai yakaganda sahanini.

"Miaka hamsini na minne," akasema mwishowe. "Hakuwahi kunidanganya hata bei ya kofia. Alikuja kunidanganya mara moja — kwa patasi!" Akacheka. Halafu si kicheko tena. "Nilikuwa namsumbua, unajua. Usiku na mchana, Jost, Jost. Alikuwa hawezi hata kuinua birika, na mimi namwimbia Jost."

Nilinyoosha mkono. Akausukuma taratibu.

"Nenda zako, Orpha."

Nikaiviringisha bunduki, nikaondoka nayo. Hajawahi kuniita kwa jina langu.

Alhamisi, 14 Machi

Mzee hajaleta neno. Nimekichonga kile kipande cha ukucha, kutoka kwenye mbao ya zamani niliyokuwa nimeihifadhi, michirizi ikielekea upande ule ule. Kimekaa. Nimekipaka mafuta ya kitani, kama alivyotufundisha baba. Nimeandika chini kwa penseli tarehe na jina langu. Imebidi niandike chini ya maneno yake, hakukuwa na nafasi nyingine. Majina mawili, moja juu ya jingine. Nimeacha mtutu nje. Sina haraka ya kuyafunika.

Ijumaa, 15 Machi

Kaja! Sikumsikia akipanda. Kofia mkononi, bati la Fern la mapishi kwapani.

"Jana nimesoma mapishi yote ya mke wangu," akasema. "Mia mbili na kitu. Nimekuwa mwanamke." Akalifungua bati, akatoa kadi moja. "Ona hii. Kabichi chachu."

Nikasema naona.

"Huoni kitu! Fern alianza kutengeneza kabichi chachu ana miaka saba. Kwa kichwa. Kadi ya nini? Nikasema hapa kuna mchezo."

Akaigeuza. Nyuma, mwandiko wa Fern umeyumba kama wa mtu aliyelala: *M. R., fundi* — na anwani. Milimani magharibi, kule kupita Somerset. Hakuna namba ya simu.

Nimeshika kadi kwa mikono miwili kama sahani ya moto.

"Sasa sikiliza," Mzee akasema. "Andika ukweli wako wote. Fundi hajulikani, sawa, hajulikani. Lakini andika kwamba jina lilichongwa mwaka 2016 kwa ombi la Fern Seidel, kwa ajili ya mumewe. Jina lake kamili. Wanicheke wakitaka, kaka zangu. Nitavaa ile tai."

Nikamuuliza kama ana hakika.

"Binti, Jost simjui. Sijawahi kula naye hata kifungua kinywa."

Nikauliza, na jina la mchongaji? Bi Trexler atalitaka. Mzee akavaa kofia yake.

"Hilo si langu. Hilo la kwenu. Mwulize mwenyewe." Akafika ngazini, akageuka. "Kwa mdomo, Orpha. Si kwa posta."

Jumamosi, 16 Machi

Naandika jikoni kwa watu. Lazima mikono ifanye kitu.

Nimeondoka saa kumi na moja alfajiri. Saa nne na nusu za barabara, mahandaki, milima, theluji ya huku bado inafika magotini. Mara mbili nimesimama kituo cha mafuta nikitaka kugeuza. Nyumba ni ndogo, mbao nyeupe, banda nyuma. Banda limefungwa kwa kufuli, na theluji mlangoni mwake haina nyayo. Nilijua hapo hapo kuna jambo.

Kafungua mwanamke mnene, aproni, unga mkononi. Kanitazama tu kidogo.

"Wewe ni Orpha," akasema. "Una pua yake. Ingia, baridi inaingia. Mimi ni Wilda, mkewe, mwaka wa tisa sasa."

Nina wifi! Miaka tisa nina wifi na sijui!

Kaniketisha, kanipa kahawa. Mahlon ametoka kutembea na mbwa hadi darajani, kila siku saa kama hii. Hakuna anayejua kwamba ninakuja. Nilianza kueleza, bunduki, Fern, kadi, nikajichanganya, akaniwekea mkono begani.

"Ile ya mama wa saratani," akasema. "Naikumbuka. Ilimchukua wiki tatu kuchonga herufi saba."

Wiki tatu! Mahlon alikuwa akichonga jina kabla chai haijapoa.

Nadhani uso wangu uliuliza. Wilda akarudi kwenye unga wake, akawa ananipa mgongo.

"Macho, wifi. Yameanza zamani. Ile ndiyo ilikuwa ya mwisho. Herufi mbili za mwisho alichonga kwa kidole, anapapasa, anachonga, anapapasa. Alipomaliza kaandika ndani kwa penseli, mimi nimeshika tochi. Kisha kafunga banda. Sasa anaona mwanga na giza, na kama mtu amesimama mbele ya dirisha." Akageuza donge la unga. "Usimwonee huruma. Hapendi. Mwache aseme mwenyewe."

Nimekuja na swali moja nimelikariri njia nzima. Naomba ruhusa niandike jina lako? Limetoka kichwani. Nimebaki na ile S yake tu.

Mbwa amebweka. Nasikia fimbo kwenye changarawe. Wilda amefuta mikono.

Anakung'uta viatu. Mlango.

Amezeeka! Nywele zote nyeupe, kama baba siku za mwisho. Mbwa ananinusa magoti.

"Wilda, nani yumo?" anauliza. "Nasikia harufu ya mafuta ya kitani."

Wilda ananitazama. Hajibu kwa niaba yangu.

Kasimama na kofia mkononi, uso ameuelekeza dirishani, kwenye kiti kitupu. Mimi niko upande huu, karibu na jiko. Hatua tatu. Sasa naweka kalamu chini, namwita.